Silinda za haidroliki zinazovuja: kagua rodi kabla ya kununua sili

Matrekta ya zamani yanayovuta trela za miwa eneo la Kakira, karibu na Jinja, na yanayolima upande wa Mbale husumbuliwa na uvujaji wa mafuta kwenye silinda za haidroliki. Mara nyingi sili mpya hufungwa, kisha uvujaji hurudi.

Sababu kubwa ni rodi. Ikiwa imekwaruzika, ina kutu au imepinda, huikata sili. Rodi yenye mikwaruzo au kutu hupakwa kromu upya. Iliyopinda sana hubadilishwa.

Anayeagiza sili kutoka Kenya kupitia Busia au Malaba apeleke vipimo: kipenyo cha rodi, kipenyo cha ndani cha silinda, na upana na kina cha mfereji wa sili. Ataje kama ni inchi au milimita. Rodi ya inchi 2 ni milimita 50.8, sili ya milimita 50 haiifai.

Kabla ya kufungua silinda, trela iteremshwe na shinikizo liondolewe. Uvujaji usitafutwe kwa mkono, kwani mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi. Aliyepatwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama jeraha ni dogo.