Gome la Mti na Uhai Wake

Mti hukua kwa namna mbili: hurefuka kwenye ncha za matawi na mizizi, na hunenepa kwenye shina. Unene hutokana na kambiamu, tabaka jembamba la seli lililo kati ya gome na mbao. Kwa ndani, kambiamu huunda zailemu, inayopandisha maji na madini kutoka mizizini; kwa nje huunda floemu, inayosafirisha sukari iliyotengenezwa na majani kwa nguvu ya mwanga wa jua.

Kwa kuwa floemu imo ndani ya gome, mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hukatiwa chakula cha mizizi. Majani huweza kubaki ya kijani kwa muda, kwa sababu maji bado yanapanda. Lakini mizizi ikimaliza akiba yake hufa, na mti mzima hukauka.

Mbuyu huweza kuotesha gome jipya, lakini miti mingi haina uwezo huo. Hivyo, anayevuna magome ya dawa hupaswa kuchukua kipande kidogo upande mmoja tu wa shina, bila kulizunguka.