Kitabu Kilicholala Barazani

Nyumbani kwetu Ujiji kulikuwa na kitabu kimoja ambacho hakikuruhusiwa kulala ndani. Kiliitwa Malaika wa Shetani, mwandishi wake Ben R. Mtobwa. Bibi yangu, ambaye herufi za Kiarabu alizipata chuoni utotoni na hizi nyingine katika kisomo cha watu wazima, alilisoma jalada polepole, akamaliza, akasema, "Kitoke nje." Chumbani kwake mlikuwa na msahafu, na hakuona sababu ya hivyo viwili kulala chini ya paa moja. Tangu siku hiyo kitabu kikalala barazani, ndani ya boksi la nyavu la baba mdogo, mpaka kikaanza kunuka dagaa.

Baba mdogo alikuwa mvuvi. Wanaoijua Kigoma wanajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Karabai huwashwa, dagaa huifuata, wavu hushushwa. Mbalamwezi ikiwa pevu taa haina kazi, mitumbwi hupumzika, na wavuvi hukaa nyumbani siku kadhaa bila la kufanya. Kwetu siku hizo ndizo zilizokuwa msimu wa kusoma. Watu wanne au watano walikaa barazani, mmoja akisoma kwa sauti, wengine wakishona nyavu. Pakifika mahali pa hatari msomaji alisimama makusudi, akaomba maji ya kunywa. Alitukanwa kwa mapenzi, akapewa maji, akaendelea.

Nimekua, nimesoma chuo kikuu, na huko nikakuta kwamba vitabu vile vina jina lao: riwaya pendwa. Jina ni zuri, lakini mara nyingi hutamkwa kwa namna fulani, kama mtu anayemsifu mpishi wa maandazi huku akimtafuta mpishi wa pilau. Kwa muda mrefu wahakiki wengi walizihesabu riwaya za upelelezi kuwa burudani ya kupotezea muda, zenye damu nyingi na mafunzo machache. Nataka kuitetea baraza ile. Naamini wale wavuvi walikuwa wakijifunza jambo, na jambo hilo baadaye lilikuja kuwa suala la uhai na kifo katika mikoa yetu hii ya maziwa.

Kwanza, Mtobwa mwenyewe. Alikuwa wa kwetu. Alizaliwa mkoani Kigoma mwaka 1958, akafanya kazi ya uandishi wa habari Dar es Salaam, akaanzisha Heko, kampuni yake ya uchapishaji, na akafariki mwaka 2008. Shujaa wake mkubwa ni Joram Kiango, mpelelezi mtanashati, mwenye maneno machache na maadui wengi, na pembeni yake yupo Nuru, mrembo asiyeogopa. Ukiyapanga majina ya vitabu vyake utadhani umeingia makaburini usiku: Salamu Toka Kuzimu, Malaika wa Shetani, Dimbwi la Damu, Najisikia Kuua Tena, Tutarudi na Roho Zetu? Kuna hata Mikononi mwa Nunda, na nunda tunamjua sote kutoka hadithi za bibi zetu, yule paka aliyeanza na kuku akaishia kula watu.

Wasomaji wake hawakuzuka tu. Mwaka 1977 nchi ilianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na kabla yake kulikuwa na kampeni kubwa za kisomo cha watu wazima. Kufikia miaka ya 1980 vijana waliojua kusoma Kiswahili walikuwa wengi, na vitu vya kusoma vilikuwa haba. Karatasi ilikuwa adimu kama sukari na sabuni. Televisheni Tanzania Bara haikuanza mpaka mwaka 1994. Katika pengo hilo wakaingia watu kama Mtobwa na Elvis Musiba, baba wa Willy Gamba, wakiandika kwa kasi kwa watu wenye njaa ya hadithi. Kitabu kilichochapwa Dar es Salaam kilipanda treni ya Reli ya Kati, kikasafiri zaidi ya kilomita 1,200 mpaka mwisho wa reli, na kikifika Kigoma hakikuwa tena mali ya mtu mmoja. Kilikodishwa, kikaazimwa, kikaibwa, kikarudishwa bila jalada. Cha kwetu kilipoteza kurasa za mwisho mapema sana. Baba mdogo aliwasimulia wenzake mwisho wake kwa miaka mingi, kwa uhakika kabisa, mpaka siku alipokiri kwamba hata yeye alikipata kikiwa hivyohivyo.

Sasa nirudi kwenye jambo lenyewe. Kwa nini kuzimu? Kwa nini shetani? Mwandishi angeweza kuviita vitabu vyake majina ya kipolisi tu.

Jibu la haraka ni biashara: jina la kutisha linauza. Lakini desturi hii ni kongwe kuliko Mtobwa. Riwaya iliyofungua njia ya upelelezi kwa Kiswahili ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 na kutoka kitabu mwaka 1960. Mzimu, kwa maana yake ya zamani, si roho ya marehemu peke yake. Ni pia mahali pa kutambikia, penye pango au mti, ambapo watu huacha ubani na vyakula. Katika riwaya hiyo mtu anakutwa amekufa mahali pa namna hiyo, na mji mzima tayari unajua aliyeua: wazee wa kale wamekasirika. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum, na yeye haulizi mizimu imekasirishwa na nini. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alimdai nani, nani atarithi. Mwaka 1968 Abdulla akatoa Kisima cha Giningi, na Giningi katika imani za Unguja na Pemba ndiko kunakokutana wachawi. Kwa mara nyingine msomaji anatishwa na uchawi mlangoni, na ndani anakuta binadamu.

Ulimwenguni kuna njia mbili za kuandika hadithi za namna hii. Mwingereza Dennis Wheatley, aliyependwa mno na wasomaji wa kwao, alitoa The Devil Rides Out mwaka 1934, na humo shetani anaitwa na anakuja kweli. Arthur Conan Doyle, katika The Hound of the Baskervilles ya mwaka 1902, anakupa jibwa la kuzimu, kisha Sherlock Holmes anakuonyesha mtu aliyelifuga na faida aliyoitafuta. Abdulla alichagua njia ya pili. Mtobwa naye, katika hadithi za Joram Kiango, akaifuata. Katika Tutarudi na Roho Zetu? adui ni utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Hakuna jini wa kuogopwa kuliko hao.

Uchaguzi huo si mdogo kwa watu wa mwambao wetu. Henry Morton Stanley, akiikaribia Ujiji mwaka 1871, aliandika kwamba alisikia ngurumo ya mbali, na waliokuwa naye wakamweleza kuwa ni Kabogo, mlima wa ng'ambo ya ziwa wenye mapango yanayonguruma, na kwamba wapitao pale hutupa majini shanga au kitambaa ili wapite salama. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Mtu aliyewahi kuwa juu yake usiku, dhoruba ikianza, hawezi kumcheka aliyetupa shanga. Baba mdogo hakumcheka. Alisoma Mtobwa na alivaa hirizi, na hakuona ugomvi wowote kati ya viwili hivyo. Ziwa lilikuwa na mambo yake. Lakini mtu akikutwa amekufa mtaani, alisema, hapo usiniletee habari za ziwa.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoiita somo la baraza. Kuamini kwamba dunia ina siri ni jambo moja. Kuitumia siri hiyo kumficha muuaji ni jambo lingine.

Kuanzia mwaka 2007 hivi, habari zilianza kutufikia za watu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi, Kigoma ikiwemo. Kila mahali palikuwa na maelezo yaleyale: ni imani, ni uchawi, ni waganga. Maelezo hayo yalifanya kazi ileile ya mzimu katika kitabu cha Abdulla. Yalifunga mjadala. Aliyeufungua ni mwandishi wa habari Vicky Ntetema, wakati huo akiwa BBC. Mwaka 2008 alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akaenda kwa waganga, akakuta kilichopo: bei, mnunuzi, muuzaji na watu wa kati. Alitishiwa maisha, akalazimika kujificha. Baadaye, mwaka 2010, alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi wa habari. Januari 2009 serikali ilipiga marufuku kazi za waganga wa jadi, na Septemba mwaka huohuo mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa mauaji ya mtoto mwenye ualbino. Kizimbani hawakupanda mashetani. Walipanda wanaume watatu wenye majina, wenye majirani.

Sitadai kwamba riwaya ziliokoa mtu. Tulizisoma Kigoma, na bado watoto wenye ualbino walilazimika kuhamishwa makwao na kulindwa shuleni Kabanga, wilayani Kasulu, wengine wakikua mbali na mama zao. Barazani petu pia, habari zile zilipofika, kulikuwa na aliyesema, "Mambo ya kishirikina hayo, tusiyaingilie." Alikuwa amesikiliza hadithi zote za Joram Kiango kutoka mwanzo hadi pale kurasa zilipokatika. Hilo linaniuma kuliko dharau za wahakiki. Tulifurahia mpelelezi kuuliza nani anafaidika, na zamu yetu ilipofika wengine wetu hatukuuliza.

Lakini nakumbuka pia jioni moja ya mbalamwezi, nikiwa bado mdogo. Usomaji ulikuwa umefika mbali, na nyuma ya pazia la mlango alikuwepo bibi, amekaa kwenye kigoda, akijifanya anachambua mchele. Alikuwa akisikiliza kwa siku kadhaa, na sote tulijua. Msomaji alipopumzika, sauti yake ikatoka ndani.

"Mwanangu, huyo shetani mwenyewe anaingia lini?"

Baba mdogo akacheka. "Hamna shetani humo, mama. Ni watu tu."

"Watu tu?"

"Watu tu, mama."

Bibi akanyamaza. Tukasikia mchele ukipepetwa mara mbili, tatu. Wote tulingoja, tukidhani kitabu sasa kitaruhusiwa kuingia ndani.

"Basi kiacheni hukohuko nje," akasema. "Afadhali angekuwa shetani, huyo namjua dua yake."