Shokomzoba, springi na spea mbadala

shokomzoba *nm* [i-/zi-] Kifaa chenye springi na silinda ya mafuta kinachopunguza mtikisiko wa chombo cha moto kipitapo kwenye mashimo au matuta: *Shokomzoba ya nyuma imekufa.* Asili yake ni Kiingereza, *shock absorber*. Mafundi wa pikipiki husema pia *shokapu*.

Shokomzoba na springi

Katika mazungumzo, *springi* hutumika mara nyingi kwa maana ya kifaa kizima. Katika maandishi ya kiufundi, maneno haya yatenganishwe. Springi hubeba uzito na kupokea kishindo. Silinda hutuliza mdundo unaofuata kwa kuyalazimisha mafuta yapite katika matundu membamba, na nguvu ya mdundo hugeuka kuwa joto. Skuta ambayo springi yake ni nzima lakini silinda imevuja huendelea kudunda baada ya kila shimo, gurudumu likakosa kushika barabara vyema wakati wa kufunga breki. Anayeagiza *springi* anaweza kupelekewa waya uliosokotwa peke yake, na tatizo likabaki palepale.

Vespa na skuta

Vespa ni jina la skuta zilizoanza kuundwa na kampuni ya Piaggio ya Italia mwaka 1946. Kwa Kiitaliano neno hilo lina maana ya nyigu. Zanzibar jina hili limekuwa nomino ya kawaida, na *vespa* huweza kuwa skuta ya kampuni yoyote. Maana hiyo pana haidhuru katika hadithi, ila katika agizo la spea hupotosha. Gurudumu la mbele la Vespa hushikwa na mkono wa upande mmoja wenye shokomzoba yake, ilhali skuta nyingine nyingi zina uma wa miguu miwili, na shokomzoba za mbele zimo ndani ya miguu hiyo. Mfasiri aandike *skuta*, kisha ataje kampuni, modeli na mwaka.

Asilia, mbadala, bandia

Kiingereza huita *aftermarket* spea iliyoundwa na kampuni nyingine ili iingie mahali pa ile ya mwunda chombo. Tafsiri ya neno kwa neno, *ya baada ya soko*, haina maana kwa msomaji. Istilahi inayofaa ni *spea mbadala*. Itofautishwe na *spea asilia*, iliyotolewa na mwunda chombo, na *spea bandia* au *feki*, inayouzwa kwa jina la kampuni ambayo haikuiunda. Spea mbadala huuzwa kwa jina la mwundaji wake, na yaweza kuwa bora kuliko asilia au duni kuliko hiyo. Kuiita *feki* ni kumsingizia mwundaji. Kuiita *orijino* ni kumdanganya mnunuzi. Madukani *orijino* hutumika pia kwa maana ya *imara* tu, kwa hiyo neno hilo lisitegemewe katika mkataba au ankara. Spea iliyokwisha kutumika ni *ya mtumba*, iwe asilia au mbadala.

Mshtuko na mtikisiko

*Kizuia mshtuko* hakipendekezwi. Kwanza, kifaa hiki hakizuii kishindo, hukipunguza. Pili, *mshtuko* humwelekeza msomaji kwenye hali ya moyo au akili. Panapotakiwa neno lisilo la mkopo, *kipunguza mtikisiko* hueleweka zaidi, nalo *shokomzoba* litajwe mara moja ili fundi asipotee.

Mfano wa agizo

*Naomba shokomzoba mbadala moja ya nyuma, mpya, yenye springi yake. Urefu milimita 330 kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Ncha ya chini iwe ya uma.* Kipenyo cha bolti na uzito unaobebwa navyo vitajwe. *Shokomzoba ya skuta* pekee haimtoshi muuzaji, kwa sababu shokomzoba mbili zinazofanana kwa macho zaweza kutofautiana kwa urefu na kwa ugumu wa springi.