Mito, Miji na Madai ya Urithi: Kaskazini na Kusini katika Maandishi ya Jiografia ya Uchina, Karne ya 4 hadi ya 6

Mwaka 311 mji wa Luoyang, makao makuu ya nasaba ya Jin, ulitekwa na majeshi ya Waxiongnu. Chang'an nao ulipoanguka mwaka 316, jamaa za kifalme na koo nyingi za wakuu zilihamia kusini ya mto Yangzi, na mji wa Jiankang, yaani Nanjing ya leo, ukawa makao mapya. Kaskazini na kusini hazikuwa tena chini ya mtawala mmoja hadi mwaka 589. Swali lililozuka ni hili: ni nani mrithi halali wa ustaarabu wa kale, anayeishika ardhi ya mababu au aliyeondoka na vitabu, ibada na nasaba? Maandishi ya jiografia yalikuwa uwanja mmojawapo wa ubishi huo.

Mfano ulio wazi zaidi ni kumbukumbu ya mahekalu ya Kibuddha ya Luoyang iliyoandikwa na Yang Xuanzhi. Watawala wa Wei ya Kaskazini, wenye asili ya Kituoba, walihamishia makao yao Luoyang mwaka 494. Mwaka 534 mji ukahamwa. Yang alipoupitia mwaka 547 aliyakuta magofu. Kwa mujibu wake, kati ya mahekalu 1,367 yalisalia 421.

Katika maelezo ya mitaa, Yang anapenyeza visa vya mashindano. Wang Su, aliyekimbia kutoka kusini mwaka 493, mwanzoni alikataa nyama ya kondoo na mtindi, akashikilia samaki na chai. Baadaye alivizoea vyakula vya kaskazini, na chai ikabandikwa jina la mtumwa wa mtindi. Aidha, mwaka 529 Chen Qingzhi, jemadari wa kusini, alidai karamuni kwamba uhalali wa utawala uko kwao. Alijibiwa kwa kejeli kuwa kusini ni nchi ya unyevu, wadudu na vyura. Yang anasimulia kwamba jemadari huyo aliporudi kwao aliwasifu watu wa kaskazini. Ikumbukwe kuwa msimulizi ni mtu wa kaskazini, naye anautetea mji uliokwisha kuangamia; ushindi ulioshindikana kwa silaha unatafutwa kwa kalamu.

Li Daoyuan, ofisa wa Wei aliyefariki mwaka 527, alifuata njia nyingine. Ufafanuzi wake wa *Kitabu cha Maji* unapangwa kwa mikondo ya mito, si kwa mipaka ya dola. Alipofika kwenye magenge ya Yangzi, nchi asiyoifikia, alilazimika kutegemea waandishi wa kusini kama Sheng Hongzhi na Yuan Shansong. Hivyo kitabu kikuu cha jiografia cha kaskazini kimebeba ndani yake macho ya kusini.

Kwa hiyo, maandishi haya yasisomwe kama orodha za mahali tu, wala kama matusi ya pande mbili. Kila upande ulijitambulisha kwa kumtazama mpinzani, na ulimhitaji ili kujieleza. Utambulisho wa eneo haukuchipuka udongoni. Ulijengwa na waandishi waliopoteza mji, dola au njia ya kurudi kwao.