Mwanya na Pengo

Washairi wa pwani wameusifu mwanya tangu zamani, lakini sijamsikia hata mmoja aliyetunga ubeti wa kulisifu pengo. Mwanya ni tunu ambayo mtu huota nayo meno. Pengo ni alama ya kilichokuwapo kikaondoka. Mimi, niliyekwishaingia miaka ya hamsini, ninayo mapengo mawili katika meno ya mbele ya juu. Nikighani, "thawabu" hutoka "sawabu", na "fumbo" hutoka pumzi tupu. Jamaa huniliwaza kwa kusema kwamba ni umri. Niliamini hivyo kwa muda mrefu, hadi niliposoma historia ya maradhi ya fizi nikatambua kwamba umri umesingiziwa.

Lugha yetu haikukosa maneno katika jambo hili. Utando unaoganda juu ya meno tunauita ukoga. Ufizi ukivimba na kuvuja damu, tunasema kiseyeye. Lakini kiseyeye ni jina moja lililobeba maradhi mawili, na walimwengu walichukua karne nyingi kuyatenganisha.

La kwanza lilifika kwetu kwa merikebu. Mwanzoni mwa mwaka 1498, mabaharia wa Vasco da Gama walitua siku 32 katika mto mmoja wa Msumbiji. Mwandishi wa kumbukumbu za safari ile anaeleza kwamba wengi waliugua: mikono na miguu ilivimba, na fizi ziliota juu ya meno hata wakashindwa kula. Mwezi wa Aprili walifika Mombasa, wakaletewa machungwa na malimau, na wagonjwa wakapona. Mwandishi yule akashukuru hewa nzuri ya mji! Mwaka uliofuata, walipofika Malindi wakirejea kutoka Bara Hindi baada ya kuwazika baharini wenzao wapatao 30, wagonjwa wenyewe ndio waliotamani machungwa. Mwaka 1747 tabibu wa Kiskoti, James Lind, aliwajaribu mabaharia wagonjwa kwa dawa mbalimbali, na waliopewa machungwa na malimau wakawapita wenzao wote kwa kupona. Hicho ndicho kiseyeye cha njaa ya matunda.

La pili halikusafiri kwa merikebu, kwani lilikuwa kinywani mwa kila mtu. Aliyeliona chimbuko lake kwanza alikuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, aliyejifunza mwenyewe na asiyejua Kilatini, lugha ya wanazuoni wa zama zake. Mwaka 1683 aliandika kwamba, ingawa alizoea kuyasugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi, bado palibaki kitu cheupe kama unga uliokandwa baina ya meno. Alikichanganya na maji, akakitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akaona vijidudu hai vikitembea. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Yeye alikikuta kinywani.

Hata hivyo, kuona si kuthibitisha. Uthibitisho ulikuja mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, kwa mkono wa mtaalamu wa Kinorwe, Harald Löe, na wenziwe. Watu 12 wenye fizi nzima walikubali kuacha kabisa kusafisha meno. Baina ya siku 10 na 21, fizi za wote zilivimba. Waliporudia kusafisha, fizi zikapona kwa muda wa takriban wiki moja. Umri wao haukubadilika. Kilichokuja na kuondoka ni ukoga.

Löe hakuishia hapo. Kuanzia mwaka 1970 aliwafuatilia kwa miaka 15 wanaume 480 wa mashamba ya chai ya Sri Lanka, ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno wala tabibu wa kuwatazama. Fizi za wote zilikuwa na uvimbe, lakini hatima yao haikuwa moja: asilimia 8 waliharibikiwa upesi, asilimia 81 polepole, na asilimia 11 hawakuvuka uvimbe wa ufizi. Kwa hiyo miili haikulingana katika kustahimili. Leo tunajua kwamba tumbaku na kisukari humwongezea mtu hatari hiyo.

Na mswaki wetu? Jina tumelipata kwa Waarabu, na kijiti cha mti wa mswaki Waislamu tumekichukua kuwa sunna. Kijiti kilipoondoka ikaja brashi, ya nywele za nguruwe kwanza huko kwao, kisha ya nailoni kuanzia mwaka 1938, nasi tukaiita kwa jina lile lile la mti. Jina halikukosea, kwani kazi ni moja: kuuondoa ukoga kabla haujawa jiwe. Ukishakuwa jiwe, hautoki kwa kijiti wala kwa brashi. Lazima ukwanguliwe na tabibu. Ukiachwa, ufizi huachana na jino, mfupa unaolishika huliwa chini kwa chini, aghalabu bila maumivu, na jino huanza kucheza.

Hapo ndipo lilipo kosa langu. Nilipoona damu kwenye mswaki, niliacha kupasugua palipotoka damu, nikidhani napahurumia. Kumbe nilikuwa naulea ukoga. Jino lilipoanza kucheza nilikwenda kung'oa, nikapewa pamba niiume, na hakuna aliyenieleza neno juu ya yale yaliyobaki. La pili likafuata.

Basi msomaji mwenzangu, damu ya ufizi ni barua, isome mapema. Piga mswaki mara mbili kwa siku, taratibu, hadi kwenye mpaka wa jino na ufizi. Pitisha uzi au kibrashi baina ya meno, ambako mswaki haufiki. Nenda kwa tabibu wa meno hata pasipouma, akukwangue ukoga uliokwisha kuwa jiwe; na damu isipokoma, usingoje.

Meno yangu yaliyobaki sasa nayatunza hivyo, na fizi zimeacha kuvuja damu. Lakini "thawabu" yangu haijarudi, na katika kughani huwaachia wanafunzi wangu beti zenye maneno ya namna hiyo.