Seli za orodha zinazotumika tena: daftari la dhahabu kwenye kioo cha simu

Seli ya orodha ni kile kisanduku kinachojirudia kutoka juu hadi chini ya kioo cha simu: muamala mmoja katika taarifa ya pesa za simu, jina moja katika orodha ya namba, mzigo mmoja katika daftari la broka wa dhahabu. Mtengenezaji wa programu anaweza kuchukua seli iliyokuja tayari, yenye kichwa na maelezo mafupi chini yake, au akaisuka mwenyewe. Kwa biashara ya dhahabu ya Geita na Shinyanga, ile ya tayari haifiki mbali. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, na mengine kufuata, mauzo ya mchimbaji mdogo yana mambo mengi ya kuandikwa: gramu, usafi, bei ya siku, mrabaha uliopandishwa hadi asilimia 6 mwaka 2017, ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na kinachobaki mkononi.

Tuseme daftari lina mauzo 3,000, na kioo kinaonyesha manane kwa wakati mmoja. Programu ikijenga seli 3,000 mara moja, simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 itakwama kabla mteja hajatoa mzigo mfukoni. Hivyo hujengwa seli chache tu, nane na za akiba. Inayopotelea juu mtu anapopandisha orodha kwa kidole huchukuliwa, hujazwa mauzo mengine, kisha huingizwa kwa chini. Mama lishe hufanya vivyo hivyo na sahani zake: chache, zinazunguka, na wateja wote wanakula.

Utaratibu huu si mpya. UITableView, zana ya orodha ya iPhone, ilikuwa nao tangu watengenezaji walipofunguliwa mlango mwaka 2008. Upande wa Android, ListView iliruhusu seli itumike tena lakini ikamwachia mtengenezaji aamue, na wengi hawakujisumbua. RecyclerView, iliyotoka 2014, ikaufanya kuwa lazima. Zana mpya zaidi, Flutter na Jetpack Compose, huficha sehemu kubwa ya kazi hiyo, ila mpangilio wa ndani ya seli bado ni wa mtengenezaji.

Kazi ya seli ina hatua mbili, na ni vizuri zisichanganywe. Kuunda hufanyika mara chache: hapo ndipo penye kuweka nafasi za pembeni, aina ya herufi na vitufe. Kujaza hufanyika kila mara kidole kinaposogea, na kioo kinachochorwa mara 60 kwa sekunde huacha takriban milisekunde 16 tu kwa kila mchoro. Kupiga hesabu ya mrabaha au kusoma hifadhidata wakati wa kujaza ndiko kunakofanya orodha ishtukeshtuke. Hesabu ipigwe mapema. Seli ipokee maandishi yaliyokwisha kupangwa.

Katika mpangilio wenyewe, kinachostahili nafasi ya kwanza ni uzito na fedha. Weka jina na eneo kushoto, tarakimu kulia, na tarakimu hizo ziwe za upana sawa ili 9.80 na 112.45 zipangane nukta chini ya nukta. Bila hivyo jicho linalokimbia chini ya orodha linaweza kusoma gramu 11 mahali penye 112. Jina ndilo likubali kubanwa, kamwe si kiasi: ni afadhali jina likatwe kwa nukta tatu kuliko shilingi milioni 2 zipoteze sifuri moja ukingoni. Na mtu asipime seli kwa jina kama Juma wa Geita. Apime kwa Ng'wanamashalla wa Nyang'hwale, maana hapo ndipo mistari inapogongana.

Urefu wa seli usifungwe kwa kipimo kimoja. Wazee wengi huongeza ukubwa wa herufi kwenye simu, na seli iliyofungwa hukata maandishi katikati. Ifungwe kwa kiwango cha chini tu. Google hupendekeza sehemu ya kugusa isipungue vipimo 48 vya kioo, Apple 44. Kwa vidole vilivyotoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, mimi ningeongeza.

Sasa hatari kubwa. Sahani isiyooshwa humpelekea mteja wa pili mchuzi wa mteja wa kwanza. Mtengenezaji huandika: kama mauzo hayajalipwa, onyesha neno BADO kwa rangi nyekundu. Akasahau kuandika kinyume chake. Seli iliyobeba deni inapanda juu, inarudi kwa chini ikiwa na mauzo yaliyokwisha kulipwa, na lile neno bado limeng'ang'ania. Hifadhidata haina kosa, lakini mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, anaonyeshwa kioo kinachosema anadai. Dawa ni kila ujazaji uguse kila sehemu: kama kuna hali ya kuwasha, iwepo ya kuzima. Picha ni mtego wa aina hiyohiyo. Mtandao ukiwa mzito, picha ya kipande cha dhahabu iliyoombwa kwa mauzo ya juu hufika wakati seli imeshapewa mengine. Kwa hiyo ombi la zamani lifutwe, au namba ya mauzo ilinganishwe kabla ya kubandika picha. Binafsi ningeiondoa picha kwenye orodha kabisa na kuiacha kwenye ukurasa wa ndani.

Rangi peke yake pia haitoshi kwenye jua la mchana pale mwaloni, panapochenjuliwa dhahabu, kwa hiyo neno BADO libaki. Kichwa cha tarehe na mstari wa jumla ya siku vipewe aina zao za seli, kila aina na akiba yake, badala ya seli moja inayoficha nusu ya viungo vyake.

Kabla ya kumkabidhi mtu daftari hili, jaza mauzo 500 ya kubuni, moja lililolipwa na moja lisilolipwa kwa kupokezana, kuza herufi hadi mwisho, kisha pandisha na kushusha orodha kwa kasi kwenye simu dhaifu kuliko zote. BADO mbili zikifuatana, kuna sehemu ambayo haijazimwa.