Kuinuka na Kuanguka kwa Mirror Trading International: Historia ya Ulaghai wa Roboti ya Biashara Nchini Afrika Kusini, 2019–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya Mirror Trading International (MTI), kampuni ya Afrika Kusini iliyokusanya sarafu ya bitcoin kwa maelezo kwamba roboti ya kompyuta ingeifanyia biashara na kuizalishia faida ya kila siku. Hoja kuu ni kwamba anguko la MTI halikuwa tukio la ghafla la Desemba 2020, bali mchakato ulioanza pale ambapo mtu wa nje alipoomba uthibitisho wa biashara hiyo na kuukosa. Makala yanaonesha pia kwamba maonyo ya mamlaka hayakuzuia fedha kuendelea kuingia, kwa sababu wanachama walikuwa na ushahidi mwingine waliouamini zaidi, yaani malipo yaliyowafikia mikononi.

1.0 Utangulizi

Ulaghai wa kuwalipa wawekezaji wa zamani kwa fedha za wawekezaji wapya ni wa kale kuliko kompyuta. Jina lake la kawaida limetokana na Charles Ponzi, aliyewakusanyia fedha wakazi wa Boston nchini Marekani mwaka 1920 kwa ahadi ya faida ya asilimia 50 katika siku 45. Ponzi alidai kwamba faida hiyo ilitokana na biashara ya kuponi za posta za kimataifa. Biashara ya aina hiyo iliwezekana kinadharia, lakini kuponi zilizokuwapo duniani zisingetosha kuzalisha hata sehemu ndogo ya fedha alizoahidi.

Katika Kiswahili, hasa nchini Tanzania, ulaghai wa aina hii huitwa upatu haramu. Istilahi hiyo inahitaji kutumiwa kwa uangalifu. Upatu wa asili ni mzunguko wa watu wanaofahamiana, ambao kila mmoja hutoa kiasi kilekile na kupokea kwa zamu. Hakuna anayeahidiwa faida, na jumla inayotoka ni sawa na jumla iliyoingia. Upatu haramu huazima kuaminiana kwa upatu wa kweli, kisha huongeza jambo moja lisilowezekana: kila mmoja kupata zaidi ya alichotoa. Ili jambo hilo liaminike, panahitajika chanzo cha faida ambacho mwanachama hawezi kukikagua. Kwa Ponzi chanzo hicho kilikuwa kuponi za posta. Kwa MTI kilikuwa roboti.

2.0 Usuli: Mfano wa BitConnect

MTI haikuwa ya kwanza kutumia roboti kama maelezo. Mwaka 2017 mpango wa BitConnect uliwaalika watu wa mataifa mengi kukopesha fedha zao kwa mfumo uliodaiwa kuwa na programu ya kubashiri kupanda na kushuka kwa bei ya bitcoin. Faida iliyotangazwa ilifikia hadi asilimia 40 kwa mwezi. Kwa hesabu ya kawaida, fedha inayokua kwa kiwango hicho na kuachwa bila kuguswa huongezeka zaidi ya mara 56 katika mwaka mmoja.

Mwanzoni mwa Januari 2018, Bodi ya Dhamana ya Jimbo la Texas ilitoa amri ya dharura ya kuusitisha mpango huo, na jimbo la North Carolina likafuata. Tarehe 16 Januari 2018 BitConnect ilifunga huduma yake ya ukopeshaji. Wawekezaji walirudishiwa salio lao kwa sarafu ya BitConnect yenyewe, ambayo bei yake iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 90 katika muda mfupi. Septemba 2021, mtangazaji wake mkuu nchini Marekani, Glenn Arcaro, alikiri kosa la kula njama ya ulaghai. Waendesha mashtaka walikadiria kwamba mpango huo ulikusanya dola bilioni 2.4. Mwaka uliofuata Arcaro alihukumiwa kifungo cha miezi 38.

Tofauti moja kati ya BitConnect na MTI ni ya msingi. BitConnect ilikuwa na sarafu yake, ambayo iliweza kuitoa kwa wingi ilioutaka. Kwa hiyo anguko lake lilionekana sokoni kwa saa chache, bei iliposhuka. MTI ilipokea bitcoin na kuahidi kurudisha bitcoin, sarafu ambayo hakuna kampuni inayoweza kuichapisha. Kwa sababu hiyo anguko lake halikuonekana katika bei yoyote. Lilijificha ndani ya salio lililoandikwa kwenye skrini, hadi siku ambayo wanachama wengi walitaka kutoa walichoandikiwa.

3.0 Ahadi na Muundo wa MTI

MTI ilianza mwaka 2019 chini ya uongozi wa Cornelius Johannes Steynberg, na makao yake yalikuwa Stellenbosch, katika jimbo la Western Cape. Mwanachama alitakiwa kununua bitcoin kwingineko na kuituma kwenye pochi ya kampuni. Bitcoin hizo, kwa maelezo ya kampuni, ziliwekwa katika mfuko mmoja kwa dalali wa fedha za kigeni, ambako roboti yenye akili mnemba ilifanya biashara bila kuguswa na mkono wa binadamu. Wanachama waliambiwa watarajie hadi asilimia 10 kwa mwezi. Aliyemleta mtu mpya alipata bonasi, na bonasi nyingine zilitokana na mtandao uliojengeka chini yake.

Muundo huo ulikuwa na matokeo mawili. Kwanza, mwanachama aligeuka kuwa mtangazaji. Ndugu alimwingiza ndugu, muumini akamwingiza muumini mwenzake, na aliyeingia alimwamini aliyemleta kabla ya kuiamini kampuni. Pili, deni la kampuni lilikua kwa kasi ambayo hakuna aliyelazimika kuiona. Bitcoin 1,000 zinazoandikiwa nyongeza ya asilimia 10 kila mwezi huwa deni la bitcoin 3,138 baada ya miezi 12. Iwapo hakuna biashara ya kweli, pochi hubaki na 1,000 zilezile, zikipunguzwa na kila malipo na kila bonasi. Pengo hilo linaweza kuzibwa na wanachama wapya pekee, nao kila mmoja huongeza deni jingine.

Roboti ilifanya kazi muhimu katika mpangilio huo, ingawa haikuwa kazi ya biashara. Ilimwondolea mwanachama haja ya kuuliza. Mfanyabiashara wa kibinadamu huulizwa ananunua nini, anauza wapi, na siku ya hasara alikosea nini. Mashine haiulizwi maswali hayo, kwa kuwa yeyote anayeuliza hujibiwa kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu na ni siri ya kibiashara. Hivyo kutoelewa, ambako kwingine kungekuwa sababu ya tahadhari, kulichukuliwa kuwa ishara ya ubora wa teknolojia.

4.0 Hatua za Anguko

Ufa wa kwanza haukutokana na mamlaka ya serikali. Katikati ya mwaka 2020, FX Choice, dalali aliyesajiliwa Belize ambaye MTI ilidai kumtumia, aliizuia akaunti ya kampuni hiyo kwa mashaka juu ya asili ya fedha zilizomo. Taarifa za dalali huyo hazikulingana na faida ambazo wanachama walikuwa wakioneshwa. Biashara ndogo iliyofanyika ilileta hasara. Kwa mara ya kwanza palikuwa na mtu wa nje mwenye daftari lake mwenyewe, na daftari hilo lilipingana na la kampuni.

Kampuni iliyokuwa na biashara ya kweli ingeweza kufungua hesabu zake. MTI ilitangaza kwamba imehamia kwa dalali mwingine aliyeitwa Trade 300. Baadaye, Tume ya Marekani ya Biashara ya Mikataba ya Bidhaa (CFTC) ilieleza mahakamani kwamba dalali huyo alikuwa wa kubuni. Hatua hiyo ndiyo mpaka halisi katika historia ya MTI. Kabla yake, shaka ilihusu iwapo roboti ilipata faida. Baada yake, shaka ilihusu iwapo bitcoin zenyewe zilikuwa mahali popote.

Julai 2020, Bodi ya Dhamana ya Jimbo la Texas ilitoa amri dhidi ya MTI. Agosti 2020, Mamlaka ya Usimamizi wa Mienendo ya Sekta ya Fedha ya Afrika Kusini (FSCA) iliwaonya wananchi kwamba kampuni hiyo haikuwa na leseni ya kutoa huduma za fedha, na ikawashauri waliokuwa na fedha humo waziombe. Septemba, kundi lililojiita Anonymous ZA lilivujisha data za wanachama. Oktoba, wachunguzi walifanya upekuzi. Desemba, maombi ya kutoa bitcoin yalianza kutojibiwa, na Steynberg akaondoka nchini kuelekea Brazili. Kabla ya mwaka kwisha, Mahakama Kuu ya Western Cape iliiweka kampuni hiyo chini ya ufilisi wa muda.

Soko nalo lilichangia. Bei ya bitcoin moja, iliyokuwa takriban dola 10,600 mwanzoni mwa Oktoba 2020, ilivuka dola 20,000 katikati ya Desemba. Kupanda huko kungekuwa neema kwa mtu aliyeshika bitcoin zake mwenyewe. Kwa kampuni iliyodaiwa bitcoin isizokuwa nazo, kilikuwa kitanzi: mwanachama alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuomba chake, na kila bitcoin iliyopungua pochini ilikuwa ghali zaidi kuirudisha.

5.0 Kwa Nini Maonyo Hayakutosha

Kati ya onyo la Agosti na kukwama kwa malipo mwezi Desemba kulikuwa na takriban miezi minne. Wengi walibaki katika kipindi hicho, na wengine wakaingia. Kueleza jambo hilo kwa neno tamaa pekee hakutoshelezi, kwa sababu tamaa haikuanza mwaka 2020.

Sababu ya kwanza ni kwamba mpango ulikuwa bado unalipa. Kila aliyeomba kiasi kidogo na kukipata alikuwa na ushahidi ambao hakuna tangazo la mamlaka lililoweza kuushinda, na ushahidi huo aliueneza kwa jamaa zake. Katika ulaghai wa aina hii malipo ndiyo gharama ya matangazo. Sababu ya pili ni ya kisheria. Wakati huo sarafu za kidijitali hazikuwa zimetangazwa kuwa bidhaa ya fedha nchini Afrika Kusini; tangazo hilo lilitolewa Oktoba 2022. Mamlaka ilijenga hoja yake juu ya ukosefu wa leseni kwa biashara ya fedha za kigeni. Onyo linalosema kampuni haina leseni ni dhaifu kuliko onyo linalosema fedha hazipo, na watetezi wa MTI waliweza kulisoma kama ugomvi wa makaratasi kati ya urasimu wa zamani na teknolojia mpya. Sababu ya tatu ni ya kijamii. Aliyekuwa ameingiza ndugu na majirani hakuweza kukiri shaka bila kukiri pia kwamba amewatia hasarani.

6.0 Ufilisi na Swali la Haki

Aprili 2023, Mahakama Kuu ya Western Cape ilitamka kwamba MTI ilikuwa mpango haramu wa Ponzi na kwamba mikataba yake na wanachama ilikuwa batili tangu mwanzo. Tamko hilo lilikuwa na uzito kwa watu wawili tofauti. Aliyeingia mwishoni na kupoteza kila kitu alikuwa mdai. Aliyeingia mapema na kutoa zaidi ya alichoweka, hata kama hakujua lolote, angeweza kutakiwa na wafilisi kurudisha, kwa kuwa alichokiita faida kilikuwa amana ya mwenzake. Sheria ya ufilisi iliwasimamisha jirani na jirani katika pande mbili za daftari moja.

Ukubwa wa hasara ulidhihirika zaidi nchini Marekani. CFTC, iliyofungua kesi Juni 2022, ilidai kwamba Steynberg alipokea angalau bitcoin 29,421 kutoka kwa watu wasiopungua 23,000 wa Marekani pekee na wengine wengi duniani, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.7 kwa bei ya Machi 2021. Aprili 2023 mahakama ya Texas ilimwamuru kulipa zaidi ya dola bilioni 3.4, fidia na faini zikijumlishwa. Steynberg alikuwa amekamatwa Brazili mwishoni mwa mwaka 2021. Aprili 2024 iliripotiwa kwamba amefariki huko. Hukumu ya mabilioni ilibaki na jina la mdaiwa, bila mdaiwa.

Mali kubwa iliyopatikana na wafilisi ilikuwa bitcoin 1,281 zilizokuwa zimezuiliwa na FX Choice, ambazo ziliuzwa kwa takriban randi bilioni 1.1. Zikilinganishwa na bitcoin 29,421 zinazotajwa katika shauri la Marekani, hizo ni takriban asilimia 4.4, ingawa ulinganisho huo uchukuliwe kwa tahadhari, kwa kuwa sehemu ya bitcoin zilizopokewa ililipwa kwa wanachama kabla ya anguko. Hata hivyo, funzo liko wazi. Kilichookolewa kwa wingi kiliokolewa kwa sababu dalali mmoja alitilia shaka fedha zilizokuwa mbele yake na kuzizuia miezi sita kabla ya mahakama yoyote kutoa amri.

7.0 Hitimisho

Historia ya MTI inaonesha kwamba teknolojia mpya ilibadilisha vazi la ulaghai wa Ponzi na kasi ya kuvuka mipaka, lakini haikubadilisha hesabu yake. Deni lilikua kila siku, pochi haikukua, na tofauti kati ya viwili hivyo ilifunikwa na wanaoingia. Inaonesha pia kwamba anguko lina mwanzo wake kabla ya siku ya kutangazwa kwake, na kwamba mwanzo huo unaweza kutambuliwa: ni pale ambapo mhusika anaombwa uthibitisho na mtu asiye mwanachama, naye badala ya kuutoa, anahama. Kwa watafiti na kwa mamlaka za fedha, swali lenye manufaa halihusu ubora wa roboti. Ni nani mwingine, asiyelipwa na mpango huo, ameziona fedha?